Boriti Zetu na Mchanga wa Jirani

Shamba la mama yangu, kwetu Kibaha, karibu na Mlandizi, liliongezeka bila sisi kununua hata hatua moja. Lilikuwa kwenye kona ya mto Ruvu, upande wa ndani wa kona, mahali ambapo maji hupunguza mwendo. Kila masika mto ulipofurika na kisha kurudi kwenye kingo zake, tulikuta tope jipya limelala pembeni mwa shamba, laini na jeusi, na mwaka uliofuata mama alipanda mpunga hapo. Nilipokuwa msichana mdogo, uhuru ukiwa bado habari mpya ya kila baraza, shamba liliishia kwenye mkuyu mmoja. Nilipomaliza shule, mkuyu ule ulikuwa katikati ya shamba.

Ng'ambo ya mto mambo yalikuwa kinyume. Kule maji yalikwenda mbio, yakichimba ukingo kwa chini mpaka unaanguka vipande vipande, na familia moja ilikuwa ikipoteza migomba yake mmoja baada ya mwingine. Sisi watoto tulikaa upande wetu tukishangilia kila kipande kilipotumbukia majini. Siku mama alipotukuta tunapiga vigelegele, alikata ufito na kutuchapa wote, na mimi nikazidishiwa kwa sababu ndimi niliyekuwa kiongozi wa vigelegele. Halafu mavuno yalipofika, mpunga wa kwanza wa ile sehemu mpya aliujaza kapu, akavuka kwa mtumbwi, akawapelekea wale watu. Alifanya hivyo kila mwaka. Baba alimtania kwamba anautolea mto mahari. Mama alisema, "Udongo huu ni wao. Umehama tu."

Nilikula wali wa shamba lile miaka yote ya utoto wangu na sikujifunza kitu. Ilinibidi niende kufundisha watu wengine mpaka niwaharibie ndipo nikaelewa.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa wilaya ya Kisarawe. Wakati ule wilaya hiyo ilikuwa kubwa. Haijamegwa bado, ilianzia kwenye vilima vya Kisarawe penyewe, penye mikorosho na ubaridi wa asubuhi, ikateremka mpaka baharini. Mimi nilipelekwa mwisho wake kabisa, kijiji cha ufukweni. Ilikuwa ile miaka ya kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wametawanyika mashambani walikuwa wamekusanywa, nyumba zimepangwa kwa mistari, na shule imejengwa kwa nguvu za wanakijiji juu ya kingo ya mchanga inayotazama maji. Nilishuka kwenye lori la korosho nikiwa na sanduku la bati, godoro, na maoni mengi kuliko nguo.

Nyumba za walimu zilikuwa hazijaezekwa, kwa hiyo nilipewa chumba kwa mjane mmoja wa Kizaramo ambaye nyumba yake ilikuwa kaskazini ya shule. Mtu akikuita kwa sauti kutoka shuleni, ulisikia ukiwa uani kwake. Nilimwita mama tangu siku ya kwanza. Yeye mbele za watu aliniita mwalimu, na ndani ya nyumba aliniita mwanangu. Aliniamsha na uji, akanifundisha kupika kisamvu cha nazi kisichokatika tui, akanisema nilipochelewa kuanua nguo. Nilikuwa na ulimi mkali na nilijiona msomi, lakini kwake nilikuwa mtoto tu wa kulishwa, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Mbele ya nyumba yake, kati ya mlango na bahari, palikuwa na minazi minne. Kila mtoto aliyemzaa alikuwa na mnazi wake. Kitovu cha mtoto kilipokatika, kilizikwa, na juu yake ukapandwa mche. Watoto wake wa kike watatu walikuwa wameolewa vijiji vya bara na kila mmoja akija husimama kwanza chini ya mnazi wake. Wa nne, ambaye mnazi wake ndio uliokuwa karibu zaidi na maji, alikuwa mwanaume. Alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, huko mbali, na baada ya miaka miwili ikaja barua kwamba ameugua, amekufa, na amekwisha kuzikwa. Mama hakuliona kaburi wala hakujua liko upande gani. Alichobaki nacho ni ule mnazi. Kila Ijumaa aliufagilia chini yake, na nazi zake haziuzwi wala hazipikwi nyumbani. Alizitoa kwenye hitima na maulidi, watu wakala wakamwombea dua mwanawe.

Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kuja kwenye darasa langu la elimu ya watu wazima. Barua ile alisomewa na mtu mwingine, haraka haraka, barazani. Alitaka kuisoma kwa macho yake mwenyewe.

Sasa kuhusu kingo ya shule. Ilikuwa inaliwa. Kila mwezi siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, bahari ilipanda na kuondoka na hatua moja au mbili za uwanja wetu. Choo cha wavulana kilikuwa kimebaki kama kinachungulia. Mwalimu mkuu alihangaika, mwenyekiti wa kijiji alihangaika, na mimi nikaona hapa ndipo elimu yangu itakapoonekana. Nilikuwa na daftari la chuoni lenye somo zima la fukwe: jinsi mawimbi yanavyochimba, jinsi yanavyobeba, jinsi yanavyotua mzigo. Nililijua kama Alhamdu.

Basi siku moja alasiri, darasa la watu wazima likiwa limekaa kwenye mikeka nje ya shule, niliwaeleza. Nilichora mchangani kwa kijiti. Pepo za kusi, nikasema, zinaleta mawimbi kutoka upande wa kusini, na hayafiki ufukoni yakiwa yamenyooka, yanapanda kwa mshazari. Wimbi linapanda na chembe za mchanga likizisukuma kaskazini kidogo. Likirudi, linateremka moja kwa moja kwenda baharini. Linalofuata linazipandisha tena kwa mshazari. Kwa hiyo mchanga unatembea, hatua kwa hatua, pwani nzima, kuelekea kaskazini. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nikasema: tukikita boriti za mikoko mwisho wa uwanja, upande wa kaskazini, kuanzia kwenye kingo mpaka majini, mstari mmoja, tukafuma fito katikati na kutia mawe ya matumbawe, mchanga unaotembea utagonga pale na kukaa. Shule itapona.

Mwenyekiti alisimama akapiga makofi. Alikuwa mtu mzuri, mwenye bidii, ila alipenda sana kitu kinachoonekana kwa mbali.

Mama akanyoosha mkono, kama nilivyowafundisha.

"Mwalimu," akasema, "na huo mchanga tutakaounasa, ulikuwa unakwenda wapi?"

Ningeweza kunyamaza nikafikiri. Kuuliza si ujinga, na mimi mwenyewe niliwaambia hivyo siku ya kwanza. Lakini nilikuwa nimenogewa na somo langu, na swali lile niliona linanirudisha nyuma. Nikasema kwa sauti ya kuchekesha watu, "Ulikuwa unapotea bure baharini, mama. Au ulitaka tuufuate na ungo?" Darasa zima likacheka. Mama naye akatabasamu, akainamisha kichwa kwenye ubao wake wa kuandikia.

Kazi ilichukua wiki mbili. Wanaume walikata boriti mikokoni, wanawake walibeba mawe, watoto wa shule walikusanya fito. Tulifanya kazi maji yakitoka na tukapumzika maji yakijaa, na mama alibeba mawe kama wenzake, kichwani, juu ya kata ya kitambaa. Nilisimama pale na daftari langu nikielekeza pa kukita. Nakumbuka mikono yangu haikupata hata lengelenge moja.

Kusi ilipoanza kuvuma, boriti zilifanya kazi kama nilivyosema. Upande wetu wa shule mchanga ulijaa mpaka ukawa unashika vichwa vya nguzo za karibu. Choo cha wavulana kikapata mbele tena. Watoto wakapata uwanja wa kuchezea ambao hawakuwahi kuwa nao, na mwenyekiti alikuwa akija jioni kuutazama tu. Habari ikafika wilayani. Tukaambiwa atakuja bwana mmoja kutoka Kisarawe kuona kazi ya kujitegemea, na kwamba mwalimu mwenyewe atamweleza. Nikanunua kitambaa cha gauni.

Mbele ya nyumba ya mama, ufuko ulikuwa unashuka.

Niliuona, lazima niseme kweli. Nililala nyumba ile. Mwanzo mchanga ulipungua kidogo, mawe meusi yaliyokuwa yamefunikwa yakaanza kutokeza. Halafu bamvua moja ikapanda mpaka kwenye miguu ya minazi na ikarudi na mchanga mwingi. Mizizi ya mnazi wa yule kijana ikatoka nje upande wa bahari, mingi na myembamba, ikining'inia. Mama alichota mchanga kwa ndoo kutoka nyuma ya nyumba akaifunika. Bamvua iliyofuata ikaifunua tena, zaidi. Nikamwambia bahari mwaka huu ni kali. Akasema, "Kweli." Nikamwambia labda tukite na hapa boriti. Akaniongezea mchuzi.

Siku moja alasiri nilimkuta anapaa samaki mlangoni, na karibu yake kuna kikapu kidogo cha vigae vya vyungu. Vyote vilikuwa vimelainika kingo, mviringo, kama vitu vilivyosuguliwa kwa makusudi. Nikauliza ni vya nini.

"Vya kusugulia miguu," akasema. "Chukua kimoja."

Nilikaa nikasugua kisigino. Yeye akaendelea na samaki, na bila kuniangalia akasema, "Pale ilipo shule, zamani ndipo tulipooshea vyombo, mimi na marehemu mama mkwe. Chungu kikivunjika pale tunakitupa majini. Miezi ya kusi, vigae vyake vinanijia hapa mlangoni. Chungu hicho hicho, nakijua kwa nakshi zake. Na mpaka leo watu wanatupa vigae pale, na mimi huviokota hapa. Kikapu hiki ni cha miaka mingi."

Akageuza samaki.

"Tangu mjenge, sijaokota hata kimoja."

Niliona daftari langu lote, mchoro wa kijiti, mishale inayoelekea kaskazini, na mwisho wa mishale, ambapo sikuchora kitu chochote, ikakaa nyumba hii. Mchanga haukuwa unapotea. Kila siku ulikuwa unatoka mbele ya nyumba hii kwenda mbele, na kila siku ulikuwa unarudishiwa mwingine kutoka kwetu. Mimi nilikuwa nimefunga njia ya kurudishia.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilikuuliza."

"Lakini nilipokujibu vibaya, kwa nini hukunibishia?"

Akanawa mikono kwenye ndoo. "Mbele ya darasa? Wale wanaume wanaona aibu kukaa mkekani na wake zao kujifunza a, e, i, o, u. Wanatafuta sababu ya kuacha. Mwalimu akiumbuliwa na bibi asiyejua kusoma, nani angekuja kesho? Na mimi sijafika kwenye herufi za kuunganisha."

Nililia pale pale, na samaki wake na nzi wake. Yeye hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliniambia niingie ndani nioshe uso, kwa kuwa mwalimu hatembei na kamasi.

Sasa ningependa kuandika kwamba nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Sikwenda. Mgeni wa wilayani alikuwa anakuja baada ya siku nne, na gauni langu lilikuwa kwa fundi. Nilijiambia nitangoja aje, aone, aondoke, halafu nizungumze na mwenyekiti taratibu. Nilihesabu pia siku za mwezi: bamvua ilikuwa inakuja siku hizo hizo. Nilijua mnazi ule hauwezi kungoja, na bado nilijiambia nitangoja. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na mimi nilikuwa mgeni niliyekula kwa mwenyeji miezi minane na kumwondolea ardhi mlangoni.

Siku ilipofika, watoto waliimba, mwenyekiti alihutubia, kisha wote tukasogea kwenye boriti. Wanakijiji walikaa mchangani, kwenye ule mchanga mpya. Bwana wa wilayani alikuwa kijana mstaarabu mwenye kalamu mfukoni. Nikaanza kueleza. Kusi, mshazari, chembe za mchanga. Maneno yalitoka yenyewe. Nilipofika mahali pa kusema "mchanga unagonga hapa na kukaa," nikawaona wanawake mbele, na mama kati yao, amevaa kanga yake safi, amekaa wima kama mtu aliyekuja kusikiliza somo. Nikakumbuka mama yangu mzazi akivuka Ruvu na kapu la mpunga. Wakati ule nilidhani anakwenda kuwapa wale watu chakula. Pale ufukoni nilielewa kwamba alikuwa anakwenda kuwaangalia usoni.

Mwenyekiti akakohoa.

Nikasema, "Siku nilipolileta wazo hili darasani, kuna mwanafunzi wangu aliniuliza swali. Sikumjibu, nilimfanya achekwe na watu. Namwomba aliulize tena."

Watu wakatazamana. Mama hakusimama mara moja. Alinitazama kwanza, muda mrefu kidogo, nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kughairi. Halafu akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mwalimu, huo mchanga tuliounasa, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Ulikuwa unakuja kwako, mama."

Nikaeleza yote, kuanzia vigae mpaka mizizi. Nikasema kosa ni langu, si la mwenyekiti wala la waliokita boriti, na kwamba naomba ziondolewe kabla ya bamvua. Mwenyekiti alikuwa amekunja uso. "Mwalimu! Mbele ya mgeni?" akasema. "Tumekata boriti wiki mbili! Na shule?" Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti kubwa kwamba mwalimu ameugua jua. Watu wakacheka, na nilistahili kicheko hicho.

Bwana wa wilayani akauliza kama anaweza kuona. Tukatembea wote, hatua mia mbili hivi, mpaka mbele ya nyumba ya mama. Upande mmoja wa boriti tulikuwa tumekaa kwenye mchanga wa kina cha kiuno, na upande huu mnazi wa mtu umesimama kwenye nusu ya mizizi yake, nao wote walijua ni mnazi wa nani. Wengi wao walikuwa wamekula nazi zake kwenye hitima. Mwenyekiti aliangalia mizizi ile, akaangalia kule shuleni. Kisha akainama akavua viatu, akavipa mtoto avishike, akaingia majini akaanza kuitikisa boriti ya mwisho. Wanaume wengine wakamfuata.

Kuhusu shule, mama ndiye aliyetusaidia. Alimwambia mwalimu mkuu, kwa adabu, kwamba kingo ilikuwa haimomonyoki kabla ya shule kujengwa, kwa sababu ilikuwa imefunikwa na yale majani yatambaayo yenye maua ya zambarau. Watoto wa shule walikuwa wakiyang'oa kila asubuhi. Ilikuwa kazi ya usafi wa mazingira, na mwalimu wa usafi alikuwa mimi. Nilikuwa nikitoa alama kwa darasa lililoacha kingo nyeupe kabisa. Tukaacha kuyang'oa. Tukayapanda kwa vipande, tukahamisha choo nyuma, na boriti zilizong'olewa zikatumika kuezekea nyumba za walimu. Mwaka uliofuata kingo ilikuwa kijani na imetulia. Bado ilipoteza kidogo na kupata kidogo, kama kila kingo.

Lakini mnazi haukuwahi. Boriti ziling'olewa siku mbili, bamvua ikaja siku ya tatu, mchanga haujapata muda wa kutembea. Ulianguka alasiri, taratibu, kichwa kikielekea baharini. Tulikuwa wote wawili mlangoni. Mama alikwenda mpaka kwenye shina, akaliwekea mkono, akasoma Fatiha. Mimi nikasoma naye. Kisha akakunja kanga yake akaingia majini kuokota nazi kabla mawimbi hayajazichukua, nami nikaingia na gauni langu jipya. Tulipata kumi na tatu. Nyingine zilikwenda na maji, kaskazini.

Hakunilaumu hata kwa neno moja, si siku ile wala baadaye. Darasa la watu wazima liliendelea, na jambo la ajabu, wanaume walizidi kuja. Mmoja aliniambia kwamba alikuwa akiogopa kukosea mbele ya mwalimu, lakini sasa anaona sote tunakosea. Miezi michache baadaye, mama alitoa barua yake kwenye kopo la chai, akanisomea yeye mimi. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mwishoni palikuwa na sentensi ambayo msomaji wa barazani aliiruka: kwamba marehemu, siku za mwisho, alikuwa akiomba maji ya madafu ya kwao. Aliirudia mara mbili. Kisha akaikunja akasema, "Ahsante, mwanangu." Sijawahi kupewa shukrani iliyonilemea namna ile.

Siku moja ya kusi, kabla sijahamishwa, nilitoka asubuhi kwenda shule nikaona kitu chekundu kwenye mchanga mbele ya mlango. Kilikuwa kigae. Nilimpelekea mbio kama mtoto. Alikiosha, akakiangalia nakshi, akakitia kwenye kikapu.

Nilipopata barua ya kurudi kwetu Kibaha, alinipa mche. Kati ya zile nazi kumi na tatu, kumi na mbili zilipikwa kwenye hitima ya mwanawe. Moja aliiweka kivulini nyuma ya nyumba bila kuniambia, ikaota. Alisema mwenyewe hapandi tena pale mbele, mchanga ule ni wa kupita. "Huko kwenu hakuna bahari," akasema. "Kampande huko." Nikasafiri nao juu ya lori nimeukumbatia, na mama yangu mzazi alipouona hakuuliza nimeleta nini kingine. Aliuchagulia mahali nyuma ya nyumba, mbali na mto. Binti yangu wa kwanza alipozaliwa, niliomba ruhusa kwa mama wa ufukweni kwa barua, naye akanijibu kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa: zika. Kitovu cha binti yangu kiko pale, chini ya mnazi wa kijana nisiyewahi kumwona.

Mnazi ulipoanza kuzaa, nilijaza kapu la madafu nikampelekea. Nimefanya hivyo kila mwaka nilioweza: basi mpaka mjini, lori la kupitia Kisarawe, na hatua za mwisho kwa miguu, kapu kichwani. Kila mara ananikuta mlangoni, napiga magoti, "Shikamoo, mama," naye, "Marahaba," na kabla hajaniuliza kuhusu safari wala mume wangu wala mtoto, anauliza:

"Kijana wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Mwaka huu kazaa vizuri."

Anachagua dafu moja kwenye kapu, analitoboa mwenyewe kwa panga, anamimina kidogo mchangani, ndipo ananipa ninywe.